Chembe, Kiini na Seli: Historia ya Somo Moja la Uganga katika Kisarawe na Kibaha

Neno chembe ni la zamani katika Kiswahili. Kabla ya kuwa neno la hospitali lilikuwa neno la ghalani na la vitani: chembe ya mtama, chembe ya mchanga, chembe cha mshale. Mtu akiumwa mahali pale chini ya kidari husema anaumwa chembe cha moyo, na huo upatanisho wa cha waonyesha kwamba neno lilikuwa, angalau katika matumizi mengine, la ngeli ya ki-vi, ingawa leo walio wengi husema chembe hii na chembe hizi. Maana hizo zote zakutana katika jambo moja: kitu kidogo kilicho kamili peke yake, kinachoweza kuokotwa au kuhesabiwa. Leo katika wodi za Tumbi, Kibaha, na katika hospitali ya wilaya ya Kisarawe, neno hilohilo lasemwa juu ya damu, na kando yake limesimama neno jingine, seli, lililotoka Ulaya. Mwanafunzi wa uganga huyasikia yote mawili kwa siku moja, na pengine katika kinywa cha mtu mmoja. Maneno haya mawili yalifika katika nchi ya Wazaramo na Wakwere kwa njia mbalimbali na katika nyakati mbalimbali, na kwa sababu hiyo hata sasa hayajawa neno moja.

Asili ya neno seli si ya uganga hata kidogo. Mwaka wa 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata ganda jembamba la mti uzibao chupa, akalitazama kwa hadubini, akaona vijumba vitupu vimepangwa kama masega ya nyuki. Akaviita kwa neno la Kilatini la chumba kidogo, lile lililotumika kwa vyumba vya watawa. Alichokiona Hooke kilikuwa kuta tu. Wenye nyumba walikuwa wamekwisha kufa. Kiswahili, kwa bahati ya historia, kimeliazima neno hilo la Kiingereza mara mbili: mara moja kwa njia ya polisi, ambako limekuwa selo, chumba cha mahabusu, na mara ya pili kwa njia ya darasa, ambako limekuwa seli. Watu wachache watumiao maneno hayo mawili hufikiri kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Ilipita zaidi ya miaka 170 kabla ya Wajerumani wawili, Matthias Schleiden mwaka wa 1838 kwa mimea na Theodor Schwann mwaka wa 1839 kwa wanyama, kusema kwamba viumbe vyote vimejengwa kwa vijumba hivyo. Kiini, kilicho katikati, kilikuwa kimekwisha kupewa jina na Robert Brown mwaka wa 1831. Halafu Rudolf Virchow, katika miaka ya 1850, alishikilia kwamba kila seli huzaliwa na seli nyingine, na kwamba ugonjwa hukaa katika seli wala haukai katika mwili mzima kama upepo. Ila damu ilikuwa na historia yake mbali. Vile vitu vyekundu vielea ndani yake vilionekana tangu karne ya 17, zamani kabla ya mafundisho ya Schwann, na wataalamu wa Ulaya waliviita vijimwili. Wajerumani hata leo husema Blutkörperchen, yaani vijimwili vya damu, na Waingereza walikuwa na neno lao lenye maana iyo hiyo, ambalo vitabu vya kufundishia wauguzi vililitumia hadi katikati ya karne ya 20. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, maana fumbo la Kiswahili laanzia hapo.

Katika milima ya Kisarawe elimu ya Ulaya ilifika pamoja na misheni, nayo haikufika kwa amani. Wabenediktini waliojenga Pugu walishambuliwa mwezi wa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, na kituo chao kikaharibiwa. Walutheri wa Berlin walifungua Kisarawe mwaka wa 1892 na Maneromango mwaka wa 1895. Mafundisho makubwa ya uganga hayakuwa kwao, bali mjini. Mwaka wa 1897 Robert Koch alifika Dar es Salaam, akakaa hata mwaka uliofuata akichunguza damu za wagonjwa wa homa. Mfaransa Laveran alikuwa ameonyesha tangu mwaka wa 1880, huko Algeria, kwamba homa ya malaria ina kiumbe chake kikaacho ndani ya damu. Kuanzia mwaka wa 1901 Dk. Ollwig aliongoza kazi ya kupima damu za wakazi wa mji na kuwagawia kwinini wale walioonekana kuwa na vimelea. Kwa hiyo watu wa pwani hii walitobolewa vidole na damu zao zikatazamwa kwa hadubini katika wakati uleule ambao elimu ya jambo hilo ilikuwa changa hata huko Ulaya. Lakini walichoambiwa kilikuwa kidogo sana. Sindano ilitoboa, tone likaenda kwenye kioo, dawa chungu ikatoka. Yaliyo katikati yalibaki katika Kijerumani. Yafaa kukumbuka, kwa faida ya wanaisimu, kwamba mmoja wa madaktari wa jeshi la Wadachi katika nchi hii alikuwa Otto Dempwolff, ambaye baadaye aliacha uganga akawa profesa wa lugha huko Hamburg. Alikusanya habari za Kisandawe. Istilahi za uganga kwa Kiswahili hakutuachia.

Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza walirithi nchi yenye madaktari wachache na maradhi mengi. Sindano za buba za miaka ya 1920 ndizo zilizowafanya watu waiamini hospitali: vidonda vilivyokaa miaka vilikauka kwa juma chache. Tangu mwaka wa 1926 serikali, chini ya Dk. Shircore, ilianza kuwaweka madresa katika zahanati za watawala wenyeji, vijana waliofundishwa kwa muda mfupi kufunga vidonda, kugawa kwinini na kupeleka mgonjwa mahututi hospitalini. Dresa hakuhitaji seli. Alihitaji maneno ya vitu vionekanavyo: usaha, jipu, homa, safura. Maneno hayo Kiswahili kilikuwa nayo tele.

Mambo yalikuwa mbali kidogo huko Minaki, katika milima ileile ya Kisarawe. Mwaka wa 1925 UMCA walikihamisha chuo chao cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Unguja, wakakileta Minaki, na hospitali ya misheni iliyokuwa hapo ikawa pia mahali pa kuwafundisha wasaidizi wa hospitali wa Kiafrika. Msaidizi wa namna hiyo alikuwa mtu wa daraja jingine kuliko dresa. Alisoma mwili wa mtu kwa mpango, alishika hadubini, na kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Jioni alirudi kwa wagonjwa waliosema Kizaramo na Kiswahili. Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo wa maisha ya kielimu ambao mwanafunzi wa Kibaha angali nao: kuingiza maarifa kwa lugha moja na kuyatoa kwa nyingine, bila ya mtu yeyote kukaa mlangoni kusahihisha tafsiri.

Basi yaelekea kwamba neno chembe liliingia katika damu kwa mlango huo, na kwamba halikuingia kama tafsiri ya seli. Lilitafsiri vijimwili. Mtu aliyesoma katika kitabu cha Kiingereza cha miaka ile kwamba damu ina maji na vijimwili vyekundu na vyeupe, alipotaka kumwambia mwenziwe, alitafuta neno la kitu kidogo kihesabikacho, na chembe lilikuwa karibu. Uzuri wake ni kwamba halikudanganya. Katika milimita moja ya ujazo ya damu mna chembe nyekundu zipatazo milioni 5. Kila moja huishi siku 120 hivi. Nayo, kwa binadamu, ikisha kukomaa haina kiini tena. Kitu kisicho na kiini, kisichoweza kuzaa kingine, kizungukacho kikibeba mzigo wa hewa safi hata kichakae, ni chembe kwelikweli kuliko kuwa chumba. Kiswahili, pasipo kukusudia, kimehifadhi tofauti ambayo Kiingereza chenyewe kimekwisha kuiacha. Wale walaumuo kwamba lugha ina maneno mawili kwa kitu kimoja wasingelaumu kama wangeangalia kwamba hapo mwanzo vitu vilikuwa viwili.

Sehemu za ndani ya seli zilipata bahati njema zaidi. Kiini ni moyo wa kitu: kiini cha yai, kiini cha jicho, kiini cha mti, kiini cha maneno. Hakuna aliyehitaji kueleza sana alipokiita hivyo kile kidude cha katikati kiamuruacho kazi zote. Utando nao ni neno la jikoni na la pembe za nyumba; ni ule ulioko juu ya maziwa yaliyopoa, na ule wa buibui. Yai lilikuwa tayari kielelezo kamili, na ajabu ni kwamba kielelezo hicho ni kweli, maana kiini cha yai la kuku lisilotagwa bado ni seli moja kubwa. Upungufu wa neno utando ni mmoja tu, kwamba lamfanya mtu afikiri juu ya kitu kinachofunika, hali kazi yake kubwa ni kuchagua kipi kiingie na kipi kitoke, na kutenga vitu visivyopasa kukutana.

Kwa jambo hilo la kutenga, Kisarawe ina mfano ambao hakuna kitabu cha Ulaya kiwezacho kuushinda, nao ni muhogo mchungu. Ndani ya seli ya muhogo mna sumu ambayo bado si sumu: kitu kimoja kimefungiwa katika kifuko cha ndani, na kimeng'enya cha kukivunja kimewekwa kwenye ukuta wa seli, na utando uko baina yao. Muhogo ukiwa mzima ardhini, viwili hivyo havionani. Ukikatwa, ukitwangwa au ukitafunwa, utando hupasuka, vikutana, na sianidi huzaliwa. Wanawake wa Kizaramo hawakungoja mtu wa hadubini. Humenya, huloweka, huvundika, huanika makopa juani, na kwa kufanya hivyo huzipasua seli kwa makusudi ili sumu itoke na kupotea kabla ya unga kuwa bada. Mwalimu wa elimu ya seli aanzaye na habari hii huko Maneromango hatakuwa na haja ya kuchora kwanza.

Kibaha iliingia katika hadithi hii baada ya uhuru. Kwa mapatano ya serikali ya Tanganyika na nchi za Kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, shirika la Tanganyika na Nordiki lilianzishwa mwaka wa 1963 katika pori lililoko kama kilometa 40 magharibi ya Dar es Salaam. Nia ilikuwa kupigana na maadui watatu waliotajwa kila siku wakati ule, ujinga, maradhi na umaskini, katika kiwanja kimoja: shule ya sekondari, ambayo ilianza mwaka wa 1965 na kupata sifa kubwa kwa masomo ya sayansi, chuo cha wakulima, na kituo cha afya. Mwaka wa 1970 wageni walikabidhi kazi yote kwa serikali ya Tanzania, likawa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo cha afya kikakua kikawa hospitali ya Tumbi, na Kibaha ikawa mahali pa kufundishia waganga wa daraja la kati, wale ambao leo huitwa matabibu.

Wakati huohuo elimu ya seli yenyewe ilikuwa imepinduka. Hadubini ya elektroni ilikuwa imeanza kutumika juu ya seli mwaka wa 1945, na mwaka wa 1955 George Palade alikuwa ameeleza zile chembe ndogo mno zitengenezazo protini ambazo baadaye ziliitwa ribosomu. Mwaka huohuo Christian de Duve alitoa habari za lisosomu, vifuko vya kumeng'enyea. Seli haikuwa tena chumba chenye kiini na ute, bali mji wenye viwanda, maghala, barabara na jaa. Kwa hiyo mvulana aliyeingia Kibaha mwaka wa 1965 alikuta somo ambalo baadhi ya maneno yake hata mabwana wenye Kiingereza walikuwa wameyapata juzi tu. Mitokondria, sitoplazimu, ribosomu, kromosomu: maneno haya ni mageni kwa kila mtu, na yalipoingia katika Kiswahili hayakuiba nafasi ya neno lolote la wenyeji. Hapana sababu ya kuyaonea haya. Neno geni huwa mzigo pale tu linapomsukuma neno mwenyeji aliyekuwa akifanya kazi vizuri, kama kiini kingeachwa ili pawe na nyukliasi.

Mwaka wa 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia masomo yote katika shule za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka huohuo. Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwekwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka wa 1964, na mwaka wa 1970 kikawa Taasisi. Baraza likaanza kutoa orodha za Tafsiri Sanifu mwaka wa 1974. Tume ya Rais iliyotoa taarifa yake mwaka wa 1982 ilishauri Kiswahili kipande kwenda sekondari, kuanzia mwaka wa 1985. Serikali haikulikubali shauri hilo, na Kiingereza kikabaki. Hata hivyo kazi ya istilahi haikusimama. Mwaka wa 1990 Taasisi ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na mwaka wa 2003 Kamusi ya Tiba. Kwa vitabu hivyo viwili hoja ya kwamba Kiswahili hakina maneno ya kueleza seli ilikwisha, au ilipaswa kwisha. Kamusi ya sayansi ilitungwa kwa ajili ya darasa ambalo halikufunguliwa, na hilo si kosa la watungaji.

Neno seli ndilo lililoshinda katika vitabu. Chembe hai, ambalo lilitungwa ili kutenga chembe ya uhai na chembe ya mchanga, lilienea pia, hasa katika maandishi ya kuwaelimisha watu wote. Aliyelieneza kuliko kamati yoyote ni Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka wa 1983, na katika miaka iliyofuata kila mtu, kuanzia mkutano wa kijiji hadi msikiti na kanisa, aliambiwa kwamba virusi hushambulia chembechembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Pengine haijatokea kabla ya hapo katika historia ya Kiswahili kwamba fundisho la kazi ya seli lisemwe kwa watu wengi kiasi hicho. Tangu mwaka wa 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa kwa mpango wa taifa, wakulima wa korosho wa Kisarawe wasiojua kusoma walijua idadi ya CD4 zao kama wanavyojua bei ya kilo. Kirudufu kile cha chembechembe kimefanya kazi nzuri kuliko istilahi nyingi za mezani, kwani mtu akilisikia huona wingi na udogo mara moja.

Malaria haikupata bahati hiyo. Mgonjwa atokaye maabara husema amekutwa na wadudu watatu, au malaria mbili, naye huamini kwamba wadudu watatu wamo mwilini mwake. Hesabu hiyo kwa kweli ni ya kulinganisha: mpimaji huhesabu vimelea akizihesabu pia chembe nyeupe, aghalabu 200, ndipo apate kiasi. Namba hufika kwa mgonjwa ikiwa imevuliwa nguo zote. Kisha neno wadudu huficha kwamba kimelea ni kiumbe cha seli moja tu, kiingiacho ndani ya chembe nyekundu, kikala hemoglobini yake, kikazaana, na baada ya saa 48 hivi kikaipasua na kutoka na wenziwe. Homa ipandayo na kushuka ni saa ya mpasuko huo. Mama wa Mzenga au wa Mlandizi ambaye mtoto wake ashikwa na degedege amerithi maelezo mengine: pwani degedege lilihusishwa na ndege au pepo apitaye usiku, na wa kwanza kuitwa alikuwa mganga wa mizizi. Maelezo ya hospitali ni kwamba chembe zilizoingiliwa huwa na utando wenye vinundu vinatavyo kwenye kuta za mishipa midogo, na katika ubongo huizuia damu. Tabibu awezaye kusema hayo kwa Kiswahili chepesi, kwamba chembe za damu zimegandamana katika mishipa ya kichwa na dawa ni kuua kilichomo ndani yake, amempa mama sababu ya kutochelewa. Asiyeweza humwambia tu kwamba mtoto ana malaria kali, na mama hurudi kwenye maelezo aliyo nayo. Muda upoteao hapo hupimwa kwa saa, na baada ya saa chache hapana tafsiri iwezayo kumrudisha mtoto.

Ugonjwa wa selimundu waonyesha upande mwingine wa jambo hili. Anthony Allison, aliyepima damu za watu wa Afrika ya Mashariki, alitangaza mwaka wa 1954 kwamba wenye kurithi tabia hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana imeenea sana katika nchi zenye homa. Muda mfupi baadaye Vernon Ingram alionyesha kwamba hitilafu yote ni ya kiungo kimoja tu katika mnyororo wa hemoglobini. Hewa safi ipunguapo, hemoglobini hiyo hujipanga kama nyuzi na chembe hupindika. Badala ya siku 120 huishi siku chache, na njiani huziba mishipa na kuleta maumivu makali ya mifupa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wazaliwao na ugonjwa huu, na makadirio yatajwayo ni kama 11,000 kwa mwaka. Jina lake ni mfano bora wa utungaji: neno la kigeni limeunganishwa na chombo cha shambani ambacho kila mtu amekishika, na umbo la mundu husema lenyewe. Hapa ndipo seli ilipoingia katika damu, iliyokuwa milki ya chembe, wala hapana aliyelalamika.

Zaidi ya jina kuna urithi. Wazazi wawili wenye tabia hiyo, wote wazima wa afya, kwa kila mimba wana nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Kulieleza jambo hili kwa Kiingereza cha darasani ni rahisi. Kulieleza kwa watu ambao kwa desturi ukoo hufuatwa kwa mama, kama Wazaramo, kwahitaji uangalifu, maana lawama hukimbilia njia ileile ifuatwayo na ukoo. Neno kinasaba, lililotungwa kutokana na nasaba, limeleta msaada mkubwa. Nasaba ya Kiislamu ya pwani huhesabu baba, ukoo wa Kizaramo huhesabu mama, na kinasaba kikaao ndani ya kiini huwahesabu wote wawili sawasawa. Tabibu ajuaye desturi za pande mbili ataweza kusema kwamba katika jambo hili mtoto amechukua nusu kwa kila mmoja, wala hapana aliyemroga mwenziwe.

Kibaha leo ina jirani mwingine wa elimu hii. Mwaka wa 2015 kilifunguliwa kiwanda cha viuadudu cha Shirika la Maendeleo la Taifa, kwa ufundi wa Cuba, ambacho huotesha bakteria, seli zisizo na kiini chenye utando, ili kuua viluwiluwi vya mbu madimbwini. Viluwiluwi humeza bakteria hao pamoja na fuwele zao za protini, na fuwele zikiyeyuka tumboni hutoboa utando wa seli za utumbo. Silaha ni seli, shabaha ni seli, na adui akusudiwaye mwisho, kimelea cha malaria, naye ni seli.

Wanafunzi wa chuo cha afya cha Kibaha husoma hayo yote na kutahiniwa kwa Kiingereza. Asubuhi hufuatana na mwalimu wodini, na hapo mwalimu huanza sentensi kwa lugha moja na kuimaliza kwa nyingine. Mchanganyiko huo wadharauliwa na wengi, lakini aliyeusikiliza kwa makini ataona una kanuni zake: utando, kiini, damu, chembe na uvimbe husemwa kwa Kiswahili hata katikati ya sentensi ya Kiingereza, na majina ya viungo vidogo vya ndani ya seli husemwa kwa Kiingereza hata katikati ya Kiswahili. Mpaka uko mahali palepale ulipowekwa na historia.

Neno la mwisho kuingia ni seli shina, zile seli za ndani ya mfupa, katika uboho ambao mahospitalini siku hizi huitwa uloto, zizaazo chembe zote za damu. Mwaka wa 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilitangaza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Shina ni neno la mti, na pia ni neno la siasa: TANU ilipogawa wanachama wake kwa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, waandishi wa Kiingereza waliziita nyumba hizo kumi seli, na Waswahili waliziita shina. Sasa maneno hayo mawili, yaliyotafsiriana kwa kutokukusudiwa katika chama, yamekutana katika jina moja la hospitali, na balozi mzee wa shina huko Kisarawe akiambiwa kwamba mjukuu wake atapandikizwa seli shina atauliza kwanza ni la nyumba zipi.